Kiziwi akikukazia macho hakudharau, anakusikiliza

Leo tuzungumze juu ya majirani ambao tunaishi nao kila siku bila kuongea nao: viziwi.

Wakati kambi za pembeni ya Goma zilikuwa zimejaa wakimbizi wa ndani, nilikuwepo siku moja kwenye ugawaji wa chakula. Kijana alishika megafoni akasoma majina. Anayeitwa anajibu, anapewa jetoni. Mama mmoja alikaa karibu kabisa, mtoto mgongoni. Jina lake likaitwa mara tatu. Kimya. Wakapita kwa jina lingine. Mama huyo ni kiziwi. Alipoona watu wanaondoka na mifuko, alimfuata msimamizi, akamvuta nguo, akamkazia macho na kuuliza kwa mikono. Msimamizi akakasirika: "Huyu mama hana adabu!" Akamfukuza. Jioni alirudi kwenye hema lake la bashi bila unga wala maharagi, na jina lake lilikuwa kwenye listi.

Shida yetu iko hapo. Huku kwetu Kivu, mtoto anafundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Hiyo ndiyo heshima. Kwa kiziwi ni kinyume: macho ndiyo masikio yake. Ukigeuza uso, umeacha kuongea naye. Kukugusa bega, kupunga mkono, kugonga meza ili utazame, kwake ni sawa na sisi kuita "Ee jirani!" Hakuna tusi ndani yake. Ni desturi mbili zinakutana, lakini kila mara tunamdai yeye peke yake azoee ya kwetu.

Wengine wanasema lugha ya ishara ni ngumu, tutaisomea wapi? Ni kweli, na hata viziwi wenyewe hawana wote ishara sawa. Zile zinazofundishwa shuleni katika nchi nyingi za Afrika zinazosema Kifaransa zilitokana na kazi ya Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, aliyeanza kufungua shule za viziwi Ghana mwaka 1957. Lakini kiziwi wa kijijini ambaye hakusoma ana ishara za nyumbani tu, zinazojulikana na mama yake, ndugu zake na majirani wachache. Vita ikiwatawanya, anapoteza nyumba, na pia watu wote waliojua lugha yake. Mfikirie mtu huyo akipita kwenye bariyeri, na askari anamwambia "Simama!" kutoka nyuma.

Katiba yetu, kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 imeongeza nguvu. Lakini anayeshika megafoni ni mtu kama mimi na wewe.

Kwa hiyo naomba mambo machache yasiyo na bei kubwa. Wagawaji waandike namba kwenye karatoni kubwa na kuiinua juu, na wakati wa kuandikisha waweke alama kando ya jina la asiyesikia. Mashefu wa avenyu wajue nyumba zenye viziwi, na jirani mmoja apewe kazi ya kuwaamsha risasi zikilia usiku. Familia iliyompokea kiziwi imuulize ishara zake za maji, chakula, ugonjwa, kukimbia. Ishara kumi zinatosha kuanza. Unapoongea naye, simama penye mwanga, mtazame usoni, usipige kelele. Usiongee na mtoto wake tu kana kwamba mzazi hayupo. Na tuache kumwita "bubu". Lugha anayo, sisi ndio hatuijui.

Mama yule alipata chakula kwenye ugawaji uliofuata. Hapakuwa na semina. Jirani yake alikaa karibu naye na kumgusa bega jina lake lilipoitwa.

Ninyi mnaosikia maneno haya redioni, kiziwi wa avenyu yenu hajayasikia. Nendeni kwake leo, mumwangalie machoni, mumsalimie.