Rupia ya Babu: Namna ya Kuipima

Ndugu wawili, wana wa mkulima, waligawana rupia mbili zilizokutwa katika sanduku la babu yao, aliyekuwa mpagazi wa jeshi katika vita vya 1914 hata 1918, akilipwa mshahara wake kwa rupia. Zote mbili zilikuwa za fedha, zote za mwaka 1918, na zote zilikuwa nyeusi kama masizi. Mkubwa aliona haya kwenda mjini na kitu kichafu, akaisugua yake kwa mchanga na ndimu hata ikametameta. Mdogo aliifunga yake katika karatasi jinsi ilivyo.

Walimwendea mzee mmoja ajuaye sarafu. Ile ya mkubwa aliigeuza mara mbili tu, kisha akaitia katika mizani. "Hii, mwanangu, nitainunua kwa uzito wake," akasema. Ile nyeusi aliishika kwa ukingo, akaisogeza penye taa, akanyamaza kitambo. "Na hii nitainunua kwa sura yake."

"Lakini mzee," akasema mkubwa, "yangu ndiyo ing'aayo!"

"Ndiyo," akajibu yule mzee, "na hilo ndilo lililoiharibu."

Kosa la ndugu huyu ni kosa la watu wengi. Rupia za India ndizo zilizotumika Kenya hata mwaka 1920, ilipoingia florini, na muda si mrefu baadaye shilingi. Kwa sababu hiyo rupia nyingi zilibaki katika masanduku na vibuyu vya wazee, na anayeirithi hudhani kwamba uzee wake peke yake ni mali. Sivyo. Katika mwaka ule wa 1918 zilipigwa rupia mamia ya mamilioni huko Calcutta na Bombay, na hata leo ziko nyingi. Kitu cha haba si rupia ya mwaka ule, bali ni rupia ya mwaka ule iliyobaki nzima. Basi, kama vile kahawa na mahindi yanavyopangwa kwa madaraja kabla ya kutajwa bei, ndivyo na sarafu.

Jambo la kwanza ni kuchunguza mahali palipoinuka, kwa maana ndipo panapolika kwanza kwa kupita mikononi na mifukoni. Katika rupia ya Mfalme George wa Tano, mahali hapo ni juu ya taji, nyusi na masharubu, na zaidi ya hapo tembo mdogo aliye katika mapambo ya joho, chini ya shingo. Tembo huyu ana kisa chake. Katika rupia za kwanza za mwaka 1911 mkonga wake ulichorwa mfupi, watu wakaona kuwa ni nguruwe, na Waislamu wa India wakachukizwa. Katika rupia za 1912 alichorwa upya, akaonekana tembo kamili. Ndiyo sababu rupia ya 1911 hutafutwa kuliko ya 1918.

Tembo huyo ndiye shahidi mwema wa hali ya sarafu. Akiwa amefutika, na taji limekuwa kama kivuli, ila mwaka na maandishi yasomeka, sarafu hiyo ni ya daraja la chini. Akionekana umbo lake tu, pasipo sikio wala mkonga ulio wazi, ni ya katikati. Akionekana wazi, ila mgongo wake umesawazika kidogo, ni nzuri sana. Akiwa kamili, wala hapana mahali palipolika hata chini ya kioo cha kukuzia, sarafu hiyo haikutembea. Waamerika huyataja madaraja haya kwa hesabu, kutoka 1 hata 70, kwa mpango uliotungwa na William Sheldon mwaka 1949. Hapana budi pia kutazama pande zote mbili, kwa maana uso mzuri haufuti mgongo uliochakaa.

Jambo la pili ni mng'ao. Sarafu ipigwapo kwa nguvu na muhuri wa chuma, madini yake hutiririka kidogo kutoka katikati kwenda ukingoni, na kuacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa macho. Mtu akiielekeza taani na kuigeuzageuza polepole, nuru huizunguka kama vijiti vya gurudumu la baisikeli. Huo ndio mng'ao wa kuzaliwa. Sarafu iliyosuguliwa hung'aa pote kwa mara moja, nayo ina mikwaruzo myembamba kama nywele. Mng'ao wa kuzaliwa ukiisha kuondoka haurudi tena. Ule weusi wake si uchafu. Ni ngozi ambayo fedha hujifanyia kwa kukutana na hewa yenye kiberiti, na mara nyingi mng'ao wa asili umehifadhiwa chini yake.

Jambo la tatu ni majeraha. Rupia nyingi zilitobolewa zikavaliwa shingoni, nyingine zikaunganishwa kikuku kwa risasi, kisha tundu likazibwa. Kwa hiyo yafaa kuuchunguza ukingo, uliochongwa meno pande zote. Pakiwa na mfuo kama wa kitu kilichounganishwa vipande viwili, au vitundu kama vya povu usoni, yawezekana ni ya bandia, iliyomiminwa katika kalibu. Mizani nayo ni shahidi. Rupia mpya ilikuwa na gramu 11.66, yaani tola moja ya sonara, na katika kila sehemu 12 za madini yake 11 zilikuwa fedha safi. Iliyotumika sana hupungua kidogo, lakini ikipungua gramu nzima yatia shaka. Sumaku nayo haipaswi kuivuta.

Basi, mwenye rupia ya babu asiisugue kwa majivu, mchanga, ndimu, wala dawa ya meno. Ikiwa na udongo, aioshe kwa maji safi ya vuguvugu, aikaushe kwa kuigusisha kitambaa laini pasipo kusugua. Aishike kwa ukingo, aiweke katika karatasi kavu, wala asiifunge katika mfuko laini wa plastiki uwezao kuitia ukijani. Tena asikubali bei ya kwanza kabla hajamtazama yule tembo mwenyewe.

Yule ndugu mkubwa alirudi nyumbani na pesa kidogo na neno moja: majuto ni mjukuu.