Divai ya Kupikia Nyama
Mama wa nyumbani mjini Juba apikaye nyama kwa divai na achague nyekundu isiyo tamu, kwani mchuzi ukipungua utamu huzidi. Divai iliyoharibika isitiwe chunguni.

Hata hivyo, awafikirie kwanza walaji. Wengi hudhani kileo chote hutoka na mvuke, sivyo. Baada ya kuchemka polepole kwa saa 1, karibu robo yake huweza kubaki. Mgeni Mwislamu, au yeyote aliyeacha kileo, asilishwe bila kujua.

Kwa ajili yake, ukwaju au karkade kutoka soko la Konyo Konyo vyafaa: hulowekwa katika maji ya moto, huchujwa, na maji yake hutiwa badala ya divai. Uchachu utapatikana, na heshima ya mgeni itahifadhika.