Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone. Lakini Cheti Kiko Wapi?

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi, hata hivyo, mgeni akija kutafuta kazi hupokewa kwa swali moja tu: "Cheti chako kiko wapi?" Akikosa cha kuonyesha hurudishwa njiani, na mwenyeji huendelea kuugua.

Hebu mchukulie fundi cherehani kutoka Bukavu aliyekimbilia Nairobi na watoto watatu. Ameshona kwa miaka kumi na mitano, na suti ya harusi kwake ni kazi ya siku mbili. Alipotoroka vita alibeba watoto, hakubeba makaratasi. Huenda hata hakuwa nayo, kwa kuwa ufundi alifunzwa na mjomba wake dukani. Mtu kama huyo huishia kupiga pasi na kubandika vifungo, akilipwa ujira wa kibarua ambaye hajawahi kushika makasi. Hasara hii si yake peke yake. Mwenye duka amekosa fundi, mteja amekosa nguo nzuri, na watoto wamekosa karo.

Sheria inasemaje? Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inampa mkimbizi aliyekubaliwa nchini haki ya kuajiriwa, kuendesha biashara, au kufanya kazi ya taaluma au ufundi ikiwa ana sifa zilizotambuliwa na wahusika hapa Kenya. Yasome tena maneno hayo ya mwisho. Lango la nje limefunguliwa, lakini mlango wa ndani una kufuli, na ufunguo wake ni huko kutambuliwa. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 nchi yetu ilikuwa na wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Ni mikono mingapi hiyo iliyokaa bure?

Pengine utauliza, msomaji, je, tuwaajiri watu kwa maneno yao matupu? La, hasha! Anayejiita fundi wa stima akikosea kuunga nyaya, nyumba huteketea na waliomo. Kumpima mtu si kumhurumia. Anayestahili apite, na asiyestahili aambiwe ukweli. Jambo la muhimu ni kupima kazi yenyewe, si karatasi inayoisimulia.

Wenzetu wa Ujerumani, watu wanaosifika kwa kupenda vyeti, waliliona jambo hili. Sheria yao iliyoanza kutumika Aprili 2012 inamruhusu mtu aliyesomea kazi yake nchi za nje kuomba sifa zake zilinganishwe na zao. Akishindwa kuleta hati bila ya kosa lake mwenyewe, hafukuzwi. Huitwa mtaalamu wa kazi hiyohiyo aketi naye na kumhoji, au mwombaji hupewa kazi ya kufanya mbele ya wakaguzi. Makanika huonyeshwa gari bovu atafute ubovu na kueleza atakavyoutengeneza. Mwishowe huandikiwa barua inayosema anayajua yapi na amepungukiwa na yapi. Kwa hivyo hasomi upya yote, bali anaongeza kile tu kilichopungua.

Usidhani kuwa mambo haya yako ng'ambo tu. Hapa kwetu kuna mitihani ya ufundi ya serikali inayosimamiwa na NITA, kuanzia Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza, ambapo fundi hupimwa kwa kazi ya mikono yake. Mafundi wengi wa jua kali waliojifunzia vichochoroni wamepata vyeti kwa njia hiyo. Tena, mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa, na KNQA ndiyo mamlaka inayosimamia viwango vya vyeti nchini. Anayeomba kupimwa huleta ushahidi: picha za kazi zake, barua za waliomwajiri, na sampuli za alichotengeneza. Kisha huhojiwa na kutakiwa atende.

Bado kuna mtego mmoja. Fundi wetu wa Bukavu anajua Kiswahili na Kifaransa. Akiulizwa maswali yote kwa Kiingereza atanyamaza, na mkaguzi ataandika kuwa hajui kitu. Hapo atakuwa ameanguka Kiingereza, si ushonaji. Mkaguzi mwadilifu humwekea kitambaa na makasi mbele yake, akatazama.

Ni kweli zipo kazi ambazo ustadi wa mikono pekee hautoshi. Daktari na muuguzi lazima waandikishwe na mabaraza yao kabla ya kumgusa mgonjwa, na ni haki iwe hivyo. Lakini hata wao wanastahili kuelezwa waziwazi wamebakisha nini, badala ya kuzungushwa kutoka dirisha hili hadi lile.

Ewe mzazi, usiseme haya hayakuhusu. Mnamo Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mapatano kuhusu wafanyakazi. Kesho mwanao atakuwa yeye ndiye mgeni, amesimama mbele ya dirisha la watu akiulizwa karatasi. Mwambie aanze leo kuweka akiba ya ushahidi. Kila alikofanya kazi, hata kama ni kibarua cha likizo, aombe barua inayotaja tarehe na kazi hasa aliyoifanya. "Alikuwa kijana mwaminifu" ni sifa njema, lakini haimwambii mtu kama anajua kuchomelea chuma.

Nawe mwenye karakana au saluni, siku mgeni atakapobisha hodi bila cheti, mpe kazi ya siku moja, umtazame, na umlipe jasho lake. Akiwa hodari, mwelekeze aliko mkaguzi na umwandikie barua. Akiwa hajui, mwambie kwa heshima. Cheti huibiwa na huungua, lakini ujuzi wa kweli hauwezi kuachwa mpakani.

Tukutane Jumapili ijayo.