Hukumu ya mkato si ya kila kodi ya duka

Wakili, Agizo la 36 la hukumu ya mkato, ile inayotoka bila mashahidi kuitwa, umelieleza vizuri, lakini sisi wa maduka ya mashinani umetupita. Hapa Ishiara wengi tumepanga kwa mdomo tu, na Sura ya 301 ya sheria za Kenya inalinda upangaji wa duka usioandikwa, hata ulioandikwa ukiwa hauzidi miaka 5. Mwenye nyumba akitaka utoke, atoe notisi ya miezi 2 kwa fomu ya sheria. Ukipinga, jambo linaenda kwa baraza la kodi za majengo ya biashara. Hukumu ya mkato itoke wapi hapo? Nawe ndugu unayesema asiyelipa atoke tu, mimi nilidaiwa malimbikizo ilhali tulikubaliana niezeke paa upya na gharama ikatwe kwenye kodi. Risiti za mabati ninazo, na ujumbe wa M-Pesa pia. Swali moja la kweli kama hilo linatosha mashahidi waitwe. Kama mpangaji amekiri deni kwa maandishi na hana la kujibu, sawa, hukumu itoke hata kesho. Wapangaji wenzangu, notisi ikija msiikalie: pelekeni pingamizi kabla ya tarehe yake kufika.