Mbula na majina ya wageni

KUTOKA MKOLANI
Na Lugembe Masunga

Jumanne alfajiri simu iliita kutoka Sengerema. Binti yangu amejifungua salama, mtoto wa kike, na huko mvua ilikuwa ikinyesha tangu usiku wa manane. Mama yangu, ambaye miguu haimruhusu tena safari ndefu, aliketi kitandani akasema neno moja: "Mbula." Kwetu Usukumani hapo hakuna mjadala. Msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Mbula, mvulana ni Mabula. Mapacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija. Jina linaeleza mtu alivyokuja duniani.

Tulitoka Mkolani asubuhi hiyo, tukapita Buhongwa hadi Usagara, tukakata kulia kwenda Kigongo. Miaka yote hapo ndipo tulipopanga foleni ya kivuko, wagonjwa kwa wazima. Sasa kuna daraja la kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, na ng'ambo ya Busisi ni dakika chache. Limepewa jina la John Magufuli, mtu wa Chato, aliyeweka jiwe lake la msingi mwaka 2019. Hapo jina na kitu vinajuana.

Lakini maji yaliyo chini ya daraja yanaitwaje? Agosti 3, 1858, John Hanning Speke alifika jirani na Mwanza, akayatazama, akayapa jina la Malkia Victoria wa Uingereza. Siku chache baadaye alishika njia kurudi Tabora, alikomwacha mwenzake Burton akiugua. Wavuvi waliokuwa ndani ya mitumbwi siku ile walikuwa na jina lao, Nyanza. Waganda walisema Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe. Malkia mwenyewe hakuwahi kuyaona maji haya.

Hata lile jiwe la Kamanga, ambalo kila mgeni wa Mwanza hupiga nalo picha, tunaliita Bismarck, jina la Chansela wa Ujerumani aliyewaita wakubwa wa Ulaya Berlin kati ya Novemba 1884 na Februari 1885 kujadili Afrika bila Mwafrika kikaoni. Wanaosoma miamba wanatueleza kuwa mawe haya ya itale yalipoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakala kingo, kisha udongo ukasombwa, yakabaki majabali yaliyobebana kama yamepangwa na mtu. Aliyeyachonga ni mvua. Kwa hesabu za kwetu, lile jiwe ni Mabula.

Najua wapo watakaosema jina ni sauti tu. Mimi sikubali. Walioandika majina yao juu ya ziwa ndio waliochora mistari juu yake. Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka upite digrii 1 kusini mwa Ikweta, ukate ziwa na kuendelea magharibi. Mstari ule ukaiacha kwetu ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Mwaka 1978 Idi Amin wa Uganda akadai kuwa ni yake, akaivamia. Baba yangu mdogo aliondoka nyumbani na mgambo wenzake kwenda kuikomboa, na hakurudi. Mama hulitaja jina lake kila mvua za vuli zinapoanza.

Sitaki pia tufanye kama Mobutu wa Zaire. Mwaka 1973 Ziwa Albert likaitwa Mobutu Sese Seko, na Ziwa Edward likaitwa Idi Amin Dada. Waliondoka madarakani, majina yakaondoka nao. Jina linaloshikwa na watu huanzia jikoni na ufukweni, kwa bibi anayemwambia mtoto hapa panaitwaje na kwa nini.

Mbula ana siku tano leo. Analala vizuri na ananyonya. Akianza kutembea nitampeleka Kamanga, nimwonyeshe jiwe na nimwambie ni nini kililichonga.

Nanyi wazee wenzangu wa Nyegezi, Igogo na Kirumba, mnaojua majina ya vilima na majabali ya kwenu, msisubiri tangazo la serikali. Waiteni wajukuu jioni ya leo, muwaonyeshe kwa kidole na kuwatajia moja baada ya jingine.