LORI HALIVUJI KWA UZEE



Kila masika, tangu Machi mpaka Mei, twaambiwa neno lile lile: "Lori ni kuukuu, vumilieni." Sisi watu wa reli tunaopelekwa njiani na malori hayo, pamoja na mataruma na vyombo vyetu, twasema neno hilo si kweli. Lori halivuji kwa uzee. Lavuja kwa kutotunzwa.

Tutazame jambo lenyewe. Waliotengeneza lori walijua kwamba mvua itanyesha, wakayapa maji njia. Chini ya kioo cha mbele pana kisanduku cha bati kinachoingiza hewa. Maji huingia humo pia, na vimewekwa vitundu vya kuyatoa. Milango nayo ina vitundu chini, kwa kuwa maji hupita kando ya kioo na kushuka ndani ya mlango. Vumbi na majani yakiziba vitundu hivyo, maji hujaa, kisha hutafuta njia nyingine, nayo ni miguuni pa dereva.

Hapo ndipo hatari. Kiatu chenye maji huteleza juu ya pedali ya breki. Mvuke hufunika kioo. Nyaya za stima zikilowa, taa huzimika njiani usiku. Kutu hula sakafu. Wanaosema huu ni usumbufu mdogo hawapandi lori pamoja nasi.

Na dawa yao ni nini? Kopo la lami! Hupaka kila mahali, hata juu ya vitundu vyenyewe. Huko ni kufunga mlango wa nyumba na mwizi yumo ndani. Na wenzetu wanaotoboa sakafu ili maji yatoke, twawaambia: tundu hilo hilo litaingiza tope na moshi.

Kazi inayofaa ni ndogo. Ondoeni majani kwa mkono. Pitisheni waya laini katika kila kitundu, pole pole. Mwageni maji kidogo juu, mwone kama yatoka chini. Ikiwa bado lavuja, kausheni ndani. Mmoja aketi na tochi, mwingine amwage maji nje, akianza chini na kupanda juu, mpaka tone la kwanza lionekane. Raba ya mlango ipakeni chaki, mfunge, mfungue. Pasipo na alama ya chaki kwenye bati, hapo raba haishiki. Penye kutu chini ya raba ya kioo, kioo kitolewe, kutu ikwanguliwe, bati lipakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo iwekwe raba mpya. Gundi juu ya kutu ni kazi bure.

Haya hayataki fedha nyingi. Yataka saa moja au mbili, na saa hizo ndizo tunazonyimwa. Asubuhi dereva ahimizwa kutoka. Jioni arudipo ni giza. Kisha nyaya zikiungua, yeye ndiye aandikiwaye barua ya onyo. Hatukubali.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke mitambo na vyombo vya kazi katika hali ya usalama. Yatutaka sisi tutoe habari ya hatari tuionapo, na yakataza mfanyakazi kuadhibiwa kwa kuitoa. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 chatupa haki ya hali nzuri ya kazi. Hatuombi hisani.

Basi twadai haya:

1. Kusafisha vitundu kuandikwe katika orodha ya ukaguzi, kila wiki wakati wa mvua.
2. Saa hizo zilipwe kama kazi nyingine yoyote.
3. Raba mpya ziwe stoo kabla ya mvua za Machi na za Oktoba.
4. Dereva asikatwe mshahara kwa hasara ya maji aliyokwisha kuyatolea habari.

Nanyi madereva na matanboi, kila mvujo uandikwe katika kitabu cha lori siku ile ile, pamoja na tarehe, na nakala apewe mwakilishi wa chama. Neno la mdomo hukauka kabla ya sakafu.

Umoja ni nguvu.