Mhadhara wa Nani Huu?

Jamani wadau, hebu tuulizane. Mhadhara unahusu Mji Mkongwe, unafanyika Mji Mkongwe, wasikilizaji karibu wote ni wa hapa hapa Unguja, halafu unatolewa kwa Kiingereza kuanzia salamu hadi shukurani! Nimeshatumwa kuripoti mingi ya namna hii: ukumbi wa hoteli, saa nne asubuhi siku ya kazi, kuingia kwa kadi ya mwaliko. Kisha waandaaji wanalalamika eti vijana hawapendi mambo ya fikra.

Si kweli. Nendeni Jaws Corner jioni mkaone watu wanavyobishana juu ya Muungano, katiba na uchaguzi huku kahawa inapita. Nendeni kwenye mihadhara ya dini: watu wanakaa mikekani hata saa mbili, wanasikiliza, wanauliza. Wanakaa kwa sababu wanafahamu kinachosemwa.

Na lugha yenyewe ni ipi? Ni Kiunguja, kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki nzima. Hata hivyo riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel mwaka 2021, ilitoka 1994 na ikatufikia kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, mwaka 2022. Miaka 28!

Msidhani hii ni hoja ya wapenda lugha tu. Beit el Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili walikufa. Mji huu si picha ya kadi ya posta, ndani yake wanaishi watu. Mjadala juu ya kuta zao ukifanywa kwa lugha wasiyoifahamu, katika chumba wasichoalikwa, unamsaidia nani?

Mtasema msomi mgeni hajui Kiswahili. Sawa. Lakini kisiwa chenye waongoza watalii wanaozungumza Kitaliano na Kijerumani kutwa nzima kitakosa mkalimani wa saa moja?

Ninachotaka ni kidogo. Mhadhara uwe kwa Kiswahili, baada ya Isha, mlango wazi, na nusu ya muda iwe ya maswali. Ufanyike Forodhani, au katika skuli yoyote ya Ng'ambo. Na anayetaka Kiingereza, yeye ndiye atafutiwe mkalimani.